Kijana wa skeitibodi na sahani ya mama: tunachochanganya tukisema "kula kulala"

Kijana mwenye ubao wa magurudumu akikatiza mbele ya kibaraza cha kahawa hapa Mtwara Mjini, maneno humfuata. Kwanza huulizwa ni mtoto wa nani. Likishajulikana hilo, linakuja la pili: "Na bado yuko kwao?" Akiwa na miaka 17 hakuna anayejali. Akiwa na miaka 25, hajaoa, hana kazi ya kueleweka, na jioni anaonekana akirukaruka kwenye sakafu ya saruji, hukumu hutoka palepale: kula kulala.

Wazazi wenyewe wamegawanyika. Wapo wanaosema mtoto ana kipaji, mchezo huo siku hizi uko mpaka Olimpiki, basi aachwe. Wapo wanaosema ubao ndio uliomharibu, na siku utakapofanywa kuni atakuwa mtu. Nimesikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na ninachokiona ni kwamba wanabishana juu ya mambo manne wakidhani ni moja. Kuna kucheza. Kuna kuishi kwa wazazi. Kuna kulishwa na wazazi. Na kuna kutokuwa na mpango wowote wa kesho. Mtu anaweza kuwa na moja kati ya hayo bila kuwa na jingine, na dawa ya moja haitibu jingine.

Tuanze na ubao wenyewe, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Wengi wakisikia "skeiti" huwaza viatu vyenye magurudumu. Hivyo ni vingine. Skeitibodi ni ubao mfupi uliotengenezwa kwa tabaka za mbao nyembamba, kwa kawaida saba, zilizogandishwa kwa gundi na kukunjwa kidogo mbele na nyuma. Juu hubandikwa karatasi ya msasa ili kiatu kisiteleze. Chini hufungwa vyuma viwili vya ekseli na magurudumu manne ya poliurethani, plastiki ngumu yenye mnepo, na ndani ya kila gurudumu mna beringi mbili. Mguu haufungwi kwenye ubao. Mchezaji akiruka na ubao ukapanda naye, ni kwa sababu ameugonga mkia chini na kuuburuta juu kwa ubavu wa kiatu. Kujifunza kitendo hicho kimoja tu kunaweza kumchukua mtu miezi.

Mchezo ulianza California, Marekani, kwenye miaka ya 1940 na 1950, kwa vijana waliotaka kuteleza nchi kavu kama walivyoteleza kwenye mawimbi. Uliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, kwa mitindo miwili: mmoja wa mtaani wenye ngazi, kingo na vyuma vya kushikia, mwingine wa mabeseni makubwa ya zege. Kwa hiyo anayesema ni mchezo wa wahuni amechelewa kupata habari. Lakini naye anayesema "uko Olimpiki" kana kwamba amemaliza mjadala, ameruka hatua nyingi, na tutazifikia.

Sasa gharama, kwa sababu hapa ndipo mzazi anapoumia bila kujua anaumizwa na nini. Ubao kamili wa kuchezea kweli, si ule wa plastiki wa watoto, huuzwa kama dola 100 hadi 150 za Marekani katika maduka ya huko nje. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka hii ya karibuni ni karibu laki mbili na nusu hadi laki nne, kabla ya usafiri na ushuru. Mzazi akishatoa hiyo mara moja hudhani amemaliza. Hajamaliza. Kwa anayefanya mazoezi kila siku, ubao huvunjika au huisha mkia ndani ya miezi michache, na viatu huliwa na msasa kabla ya hapo. Beringi, ambazo mahali pengine zingedumu, hapa kwetu zina maadui wawili: mchanga na hewa ya chumvi. Kijana wa Shangani anayeacha ubao wake barazani usiku, karibu na bahari namna ile, atasikia magurudumu yakilia kabla ya muda wake.

Kuna na suala la mahali. Mji wa Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipokuwa na mradi wao wa karanga uliokufa mwaka 1951, na ndiyo maana barabara zake ni pana kuliko za miji mingi. Ila upana si ulaini. Gurudumu la milimita 52 likikutana na kokoto, linasimama, na aliyekuwa juu yake anaendelea na safari. Vitalu vya barabarani, vile vya kupanga, vina mifereji katikati inayotikisa ubao mpaka meno. Kwa hiyo vijana hutafuta saruji laini popote ilipo: sakafu ya ghala, uwanja wa shule, varanda ya jengo la ofisi siku ya Jumapili. Wanafukuzwa, wanahama, wanarudi. Jirani anayewaona wakizurura na mbao mkononi huona uzururaji, kumbe nusu ya muda wao inaishia kutafuta mita 20 za sakafu.

Hayo ni ya mchezo. Tuje kwenye utegemezi, neno ambalo kila mtu hulitumia kwa kipimo chake.

Kisheria jambo liko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwa mtoto huyo mzazi ana wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Akivuka hapo, kijana mzima wa afya hawezi kusimama na kusema sheria inamlazimisha baba kumnunulia viatu. Kwa upande mwingine, Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Baina ya 18 na 35 kuna miaka 17 ambamo mtu si mtoto tena, lakini taifa lenyewe linakiri kwamba bado hajasimama. Nyumba nyingi zinagombana ndani ya miaka hiyo.

Dini nayo huulizwa, hasa huku pwani. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, baba hawajibiki kumpa matunzo mtoto wa kiume aliyebaleghe, mwenye afya na uwezo wa kuchuma. Akimpa, ametoa kwa hisani, na ana malipo yake. Nimeona wazazi wakilihofia jambo hili, wakidhani kumwambia kijana wa miaka 26 "mwanangu, sasa jitafutie hela ya viatu" ni dhambi. Si dhambi.

Mila zina maelezo yake, na kwangu haya ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu yanaonyesha tulikuwa na njia na njia hiyo imekatika katikati. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, jando na unyago ndivyo vilivyomvusha mtoto kwenda utu uzima. Ukoo ukahesabiwa kwa mama, mjomba akawa na neno zito kuliko baba, na kijana alipooa alikwenda kuishi kwao mke, akawalimia wakwe. Tazama mpango ulivyokuwa: kijana hakuondoka kwa wazazi kwenda kupanga geto peke yake na godoro moja. Alitoka kwenye nyumba moja akaingia nyingine, na mikono yake ilikuwa na kazi inayomsubiri kabla hajafika. Kuvuka, kuondoka na kufanya kazi vilikuwa tukio moja, au vilikaribiana sana.

Leo vitu hivyo vitatu vimetengana. Jando hufanyika wakati wa likizo za shule, na wapo wanaoingia wakiwa na miaka saba au nane. Kuoa kumesogea mbele. Kazi hakuna anayeijua itakuja lini. Kijana amekwishaambiwa ni mtu mzima akiwa darasa la pili, na akiwa na miaka 25 bado anaomba hela ya vocha. Ametangazwa mapema akacheleweshwa kusimama, na katika pengo hilo ndimo ubao, mpira, muziki na simu huingia. Kumlaumu kijana peke yake kwa pengo ambalo jamii nzima imelifungua si haki.

Hapa husikika hoja nyingine: "Wazungu mtoto akifika 18 anatolewa nje, ndiyo maana wameendelea." Takwimu zao hazisemi hivyo. Kwa hesabu za Eurostat za mwaka 2022, wastani wa umri wa kuondoka kwa wazazi katika Umoja wa Ulaya ulikuwa miaka 26.4. Ufini ni 21.3, lakini Kroatia ni 33.4. Marekani, Julai 2020 wakati wa korona, Pew Research Center ilikuta asilimia 52 ya watu wa miaka 18 hadi 29 wanaishi na mzazi mmoja au wote wawili. Mtu mzima kuishi na wazazi si ajabu ya Mtwara wala dalili ya kuharibika. Na kwetu huku, kijana anayekaa kwao Mikindani akivua, akileta kitoweo, akilipa ada ya mdogo wake, hakuna anayemwita tegemezi. Anaishi kwao, lakini halishwi. Vivyo hivyo yupo aliyepanga chumba Chuno, ana kitanda na pazia la mlangoni, na kodi yake inatumwa na mama kwa simu kila mwezi. Huyo ameondoka, lakini analishwa. Anwani ya mtu haikuambii lolote kuhusu mfuko wake.

Kwa hiyo tuyaache makazi, tuulize swali lenye mashiko: je, mchezo huu unaweza kumlisha mtu?

Jibu la kweli ni kwamba unawalisha wachache sana duniani, na njia yake ni tofauti na ya mpira wa miguu ambayo wazazi wameizoea. Kwenye mpira kuna klabu, kuna usajili, kuna mshahara. Mtoto wa Ruangwa anaiona Namungo kwa macho yake na anajua mlango uko wapi. Kwenye skeitibodi hakuna klabu ya kumsajili mtu. Kijana hujirekodi video, huonekana, kampuni ya mbao au viatu huanza kumpa vifaa bure bila hela. Akiendelea kupanda hupewa posho. Wachache mno hufika hatua ya kuitwa weledi, ambapo kampuni hutoa ubao wenye jina la mchezaji na kumlipa kamisheni ndogo kwa kila ubao unaouzwa. Hatua zote hizo hutegemea soko la watu wanaonunua mbao, na soko hilo liko mbali na sisi. Kampuni humdhamini anayeweza kuwauzia.

Kuhusu Olimpiki, hesabu ni hii. Michezo ya Paris mwaka 2024 ilikuwa na wachezaji 88 wa skeitibodi kutoka dunia nzima, wanawake na wanaume, mitindo yote miwili. Ili kufika huko walikusanya pointi kwenye mashindano ya kimataifa, na hatua za mwisho za kufuzu zilifanyika Shanghai na Budapest. Mtu anahitaji pasipoti, viza na nauli mara kadhaa kwa mwaka kabla hajapata senti. Kisha kuna umri. Mwaka 2021 dhahabu ya wanawake ya mtindo wa mtaani ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani akiwa na miaka 13, na wa pili, Rayssa Leal wa Brazil, alikuwa na 13 pia. Kwa wanaume umri ni mkubwa kidogo: Yuto Horigome alishinda akiwa na 22, akarudia Paris akiwa na 25. Lakini Horigome hakuanza ubao akiwa na 20. Kijana anayeanza leo na miaka 24 akimwambia mama yake anaelekea kwenye medali, mama ana haki ya kuuliza zaidi.

Sisemi hivyo kumvunja moyo. Tazama Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini. Alicheza Tokyo akiwa na miaka 46 na Paris akiwa na 49, na hakukaribia medali hata mara moja. Maisha yake kwenye mchezo aliyajenga kwa njia nyingine: alianzisha Indigo Youth Movement, inayotumia skeitibodi kufanya kazi na vijana wa KwaZulu-Natal. Kabul, mwaka 2007, ilianza Skateistan, inayofundisha watoto ubao na masomo kwa pamoja, baadaye ikafika Kambodia na Afrika Kusini. Kampala, mtaa wa Kitintale, vijana walijenga uwanja wao wa zege katikati ya miaka ya 2000. Addis Ababa walipata wao mwaka 2016. Barani kwetu kazi zinazotokana na mchezo huu ziko kwenye kufundisha, kujenga viwanja, kupiga picha na kuendesha miradi ya watoto kuliko kwenye kushinda. Kijana anayejua hivyo anaongea lugha tofauti na anayesubiri kuonekana.

Wazazi wanaotaka mfano wa mtu maarufu hutajiwa Tony Hawk, mchezaji wa skeitibodi wa Marekani, na mfano huo una mafunzo kuliko unavyosimuliwa. Alianza kulipwa akiwa na miaka 14, mwaka 1982. Baba yake, Frank Hawk, alimsaidia sana, lakini angalia alimsaidia vipi: alianzisha chama na ligi za mashindano ya vijana, akaifanya kazi ya kuendesha mchezo wenyewe. Mtoto akanunua nyumba kabla hajamaliza sekondari. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchezo ukaporomoka Marekani nzima na mapato yake yakaporomoka nao. Huyo ndiye aliyekuwa juu kabisa. Akaanzisha kampuni ya mbao mwaka 1992, na ule mzunguko wake wa mara mbili na nusu hewani uliompa umaarufu wa dunia aliufanya mwaka 1999, akiwa na miaka 31. Baina ya nyumba ya ujana na mwaka huo kulikuwa na miaka ya kubana matumizi. Kwa hiyo hata kipaji kisicho na shaka hakikutosha, ikabidi kiwe na kazi nyingine pembeni.

Sisi watu wa kusini tunalo jambo tunalolijua kuliko wengi, nalo linatusaidia hapa. Ukipanda mkorosho leo, utaona korosho za kwanza mwaka wa tatu, na mavuno ya kujaza gunia yanataka miaka zaidi. Hakuna mkulima anayeukata mwaka wa kwanza kwa sababu haujazaa. Anaupalilia, anaupogoa, na ukitoa maua anaupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, hela ikitoka kabla haijaingia. Mzazi anayemlisha kijana anayejifunza jambo anafanya hivyohivyo, na si mjinga. Lakini mkulima huyohuyo hakai chini ya mche kuusubiri miaka mitatu. Katikati ya mistari anapanda muhogo, mbaazi, kunde, karanga. Familia inakula muhogo huku mkorosho unakua. Na mche ukifika mwaka wa sita bila ua hata moja, anaukagua: ni mbegu, ni udongo, ni kivuli?

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya kijana anayefuata mchezo na kijana aliyejificha nyuma ya mchezo. Usiulize kama anacheza. Uliza katikati ya mistari amepanda nini.

Muhogo huo upo, hata katika mji wetu. Anayetaka kuruka kwenye chuma anaweza kujifunza kuchomelea chuma hicho kwenye chuo cha ufundi cha VETA, na ufundi huo ukalipa grili na mageti siku zote ambazo hakuna anayetaka rampu. Useremala vilevile. Anayejirekodi kila jioni ana nusu ya ujuzi wa kupiga video za harusi na sherehe za unyago, ambazo msimu wa korosho hazikosi. Vibarua vya bandarini, ubanguaji, bodaboda ya asubuhi tu kabla ya mazoezi ya jioni: hakuna kati ya hivi kinachogongana na ubao. Mchezo wenyewe hauhitaji saa 12 kwa siku. Mwili haustahimili. Kijana anayesema hana muda wa kibarua kwa sababu ya mazoezi, muda wake unakwenda kwingine, na mara nyingi ni kwenye simu, akitazama wengine wakicheza.

Nani hasa analipa? Mara nyingi tunasema "wazazi" kana kwamba ni mfuko mmoja. Ukikaa ndani ya nyumba utaona ni mama anayepunguza hela ya mboga, au ni mdogo wake wa kike anayesubiri sare kwa sababu kaka alivunja ubao. Utaona pia jambo ambalo linanikera kwa dhati. Ndani ya nyumba hiyohiyo yupo binti wa miaka 23 naye yuko kwao, hana ajira. Anapika, anachota maji, anamwogesha bibi, anaanika muhogo. Akihesabiwa, naye anaitwa tegemezi. Kijana wa kiume anaamka saa tatu, anakuta chai. Kama kuna mtu anayebeba nyumba na kuna mtu anayebebwa, wawili hawa hawawezi kuwa na jina moja. Na binti huyo akitaka ubao, maana wapo mabinti wanaoutaka, ataambiwa hana muda. Kijana wa skeitibodi anayeosha vyombo, anayechota maji na kumpeleka bibi kliniki amepunguza deni lake kwa sehemu kubwa hata kabla hajaleta shilingi. Kazi ya nyumbani ina thamani, na anayesema haina hajawahi kuifanya wiki nzima.

Gharama nyingine inayosahaulika ni jeraha. Majeraha ya kawaida ya mchezo huu ni kifundo cha mkono, kwa sababu anayeanguka hutanguliza kiganja, na kifundo cha mguu. La hatari ni kichwa, na kofia ngumu hulipunguza. Kijana anaweza kujiita mtu huru miezi kumi, ila mkono ukivunjika ni baba anayekwenda naye hospitali ya Ligula na ni baba anayelipa picha ya eksirei. Kwa hiyo kofia si mapambo wala uoga. Kwa anayelishwa, kutoivaa ni kuhatarisha hela ya mtu mwingine.

Wapo wanaoamini dawa ni kumtoa nje, atapata akili. Mimi siamini, na sababu yangu si huruma tu. Kijana asiye na ujuzi akitolewa nje hapati ujuzi kwa kulala vibaya. Anahamia kwa rafiki, anakwenda Dar es Salaam kwa shangazi, utegemezi unabadilisha nyumba tu. Aliyesimama ni yule aliyepewa muda unaojulikana na masharti yanayojulikana. Kinachoua nyumba nyingi ni ukimya: mzazi anatoa akiwa na kinyongo, kijana anapokea akidhani ni haki yake, hakuna aliyewahi kutaja tarehe.

Kwetu hela huja kwa msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na hadi Desemba mifuko ina uhai, kisha ukame wa hela unarudi mpaka msimu mwingine. Basi mapatano yafuate msimu. Kaeni mwanzoni mwa msimu, na kama ukoo wenu unamsikiliza mjomba, mjomba awepo, kwa sababu baba na mwana wakiwa peke yao hugeuka haraka kuwa wagomvi. Yasemwe kwa sauti:

"Mwanangu, mpaka msimu ujao chumba na chakula ni vyangu. Ubao, viatu na bando ni vyako."

"Sawa, baba. Na nikiumia?"

"Ukiumia umevaa kofia, nitakutibu. Na asubuhi nataka kujua uko wapi."

"Naomba nikasome uchomeleaji. Ada ndiyo sina."

"Ada nitatoa mimi badala ya ubao mpya."

Mazungumzo mafupi kama hayo yanajibu karibu kila kinachogombaniwa: nani analipa nini, mpaka lini, kwa sharti gani. Msimu ukirudi, mnakaa tena na kutazama. Ikiwa kijana ametimiza, anaongezewa muda bila kelele, na ubao wake usitajwe kwa dharau mbele ya wageni. Ikiwa hakutimiza, punguzeni kwa utaratibu: hela ya mkononi kwanza, kisha vifaa, chumba kiwe cha mwisho. Chakula mimi nisingekigusa. Mtoto wa mtu akinyimwa sahani kwao, kitakachofuata hamtakipenda, na majirani watakuwa na haki ya kusema.

Yote haya yanamhusu kijana mzima wa akili na mwili, ambaye anaamka na ana kitu anachokitaka, hata kama ni ubao tu. Yupo mwingine, na tusimchanganye naye. Huyu zamani alicheza, sasa ubao uko uvunguni. Halali usiku, anashinda chumbani mchana, hataki rafiki, chakula hakimpiti, au amebadilika ghafla baada ya kuanguka na kugonga kichwa. Hapo hakuna kikao cha msimu wala sharti la kofia litakalosaidia, na kumwita kula kulala ni kumwongezea mzigo. Msindikizeni hospitali, Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na mkifika mwelezeni daktari yote mawili: aliyokuwa akiyafanya zamani, na siku aliyoacha kuyafanya.